Shajara ya mradi: kompyuta tano kutoka Mwanga mpaka Ujiji

9 Januari

Naanza kuandika leo ingawa mradi wetu wa kugawana kazi za video na kuzihifadhi kwenye kompyuta za mtaani una wiki tatu tayari, maana ukichelewa kuandika unasahau kwanini ulifunga kitu kwa namna fulani na mwenzio akikuuliza huna jibu.

Kilichonisukuma ni hiki. Kuna mama mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, alikuja studio kwangu mwaka jana kuomba nakala ya harusi ya binti yake. Mume wake alikuwa amefariki miezi michache nyuma na pale ukumbini, siku ya harusi, ndo yule mzee aliongea yale maneno marefu ambayo watoto wanayakumbuka mpaka leo. Video hiyo niliifanya mimi. Diski ilikufa, na nakala ya pili ilikuwa klaudi, yaani kwenye kompyuta za kampuni za nje unazokodi kupitia intaneti, huko tulikuwa tunalipia kwa dola kila mwezi kwa kadi, kadi ikaisha muda, maonyo yakawa yanaenda kwenye imeili ambayo hakuna anayeifungua tena, siku tunaingia akaunti ni tupu. Nilimwambia mama ukweli wote. Akasema "sawa mwanangu", akakaa kidogo kwenye benchi, akaondoka. Mradi wote huu umeanzia pale.

La pili ni kazi yenyewe. Kabla ya Ramadhani harusi zinafuatana, Ujiji na Mwanga kila wikiendi ipo shughuli, na video za usiku zinakuja na chengachenga nyingi ambazo lazima usafishe. Harusi ya masaa 3 ni fremu 270,000, yaani picha moja moja zinazounda video, 25 kwa sekunde. Mashine yangu, desktop ya mtumba ya i5, inasafisha na kubana fremu kama 4 kwa sekunde, piga hesabu, karibu masaa 19 kwa harusi moja, na hapo umeme usikatike. Ukisema upeleke klaudi, faili lenyewe kabla ya kubanwa ni gigabaiti 67, kwa spidi ninayopata ya kupandisha, megabiti 5 kwa sekunde, ni masaa 30 ya kupandisha tu, bando sijalihesabu bado.

Sisemi klaudi ni mbaya. Amazon walipofungua S3, huduma yao ya kukodisha nafasi ya kuhifadhi, mwaka 2006 waliwafungulia watu mlango, mtu asiye na seva akaweza kukodi. Ila majengo yenye hizo kompyuta yako mbali na sisi. Kwa Afrika upande huu wa kusini Microsoft walifungua Johannesburg na Cape Town 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Harusi ya Ujiji inavuka nchi nzima mpaka pwani, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, inafika huko, inasafishwa, inarudi. Na Mei 2024 zile nyaya zilipokatika wote tuliona. Wakati dada mwenye steshenari pale sokoni Mwanga ana kompyuta mbili ambazo kuanzia saa 1 jioni mpaka asubuhi hazifanyi kitu chochote.

13 Januari

Tumekubaliana sehemu tano: studio yangu, steshenari ya dada sokoni, chuo kidogo cha kompyuta Katubuka, nyumbani kwa kaka Gungu, na steshenari ya Mwalimu mstaafu kule Ujiji. Kila sehemu inatoa mashine moja usiku na nafasi kidogo ya diski. Masuala ya masafa nilienda kuuliza kwanza, ndo tukapandisha antena za gigahezi 5. Mwanga iko juu kwa hiyo Katubuka na Gungu zimeshika bila shida, megabiti 80 hivi halisi. Ujiji imeshika kwa tabu.

16 Januari

Leo nieleze mpangilio maana watu wawili wameniuliza.

Sijabuni kitu kipya. Watu wa chuo kikuu cha Berkeley Marekani walianza SETI@home Mei 1999, kompyuta za watu majumbani zikawa zinachambua mawimbi ya redio kutoka angani, na baadae wakatengeneza BOINC ili mtu yeyote mwenye kazi kubwa aweze kuigawa hivyohivyo. Folding@home nao walianza 2000 na mambo ya protini, na 2020 kipindi cha korona watu walijiunga kwa wingi mpaka nguvu yao kwa pamoja ikavuka kompyuta yoyote kubwa iliyokuwepo duniani. Nilichojifunza kwao ni kitu kimoja kikubwa: msimamizi hasukumi kazi, mfanyakazi ndo anakuja kuomba. Hii inaonekana ndogo ila kwetu ndo kila kitu, sababu ukisukuma kazi kwa mashine ambayo LUKU yake imeisha unabaki unasubiri, lakini mashine ikija yenyewe kuomba maana yake iko hai.

Kwa hiyo harusi inakatwa vipande vya dakika mbili mbili, vinakuwa 90. Mashine inaomba kipande, inapewa dakika 40, ikikaa kimya muda ukapita kipande kinarudi kwenye foleni anapewa mwingine. Kipande kimoja kinachukua kama dakika 12 na nusu. Tano zikifanya pamoja bila tatizo ni chini ya masaa manne badala ya 19.

19 Januari

Harusi ya kwanza imepita kwenye mtandao!! Masaa 5 na dakika 10, Gungu umeme ulikatika mara mbili na vipande vyake vikachukuliwa na wengine kama ilivyopangwa, nilikaa naangalia skrini kama mtu anaangalia mpira.

Ila nilipoisikiliza, kila baada ya dakika mbili kuna mlio mdogo, tk. Mahali pengine husikii, lakini kwenye taarabu, pale kinanda kinapovuta, unasikia kabisa. Viungo 89, milio 89. Nilidhani ni kosa langu la kukata, nikakata upya usiku mzima, bado. Kumbe sauti ya AAC, aina ya ubanaji wa sauti tunayotumia, ikibanwa inaongeza kimya kidogo sana mwanzoni mwa kila faili, sampuli elfu moja na kitu, ukiunganisha vipande 90 kile kimya kinakaa kwenye kila kiungo. Dawa yake ni kwamba sauti usiikate kabisa. Itoe pembeni, ibane nzima kwenye mashine moja, haichukui muda, vipande vigawanywe vya picha tu, mwisho ndo unaoanisha. Nimerudia na sasa ni safi. Kama unafanya kitu kama hiki anza na hili, mi limenila siku mbili.

Lingine dogo: mashine ya Katubuka ilirudisha vipande vyenye viraka vya kijani, idadi ya fremu iko sawa, 3,000 kamili, lakini picha imeharibika. Ilikuwa RAM mbovu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. BOINC wanatatua hili kwa kutoa kazi ileile kwa mashine mbili na kulinganisha majibu, kwetu hiyo ni kutupa nusu ya nguvu, na isitoshe programu ikiwa na toleo tofauti kidogo majibu hayafanani baiti kwa baiti hata kama kwa macho ni kitu kimoja. Sisi tunahesabu fremu, halafu tunachukua fremu chache za kila kipande tunalinganisha na za asili. Inatosha.

24 Januari

Hii ya leo imeniuma. Jana usiku nilienda msibani Buzebazeba, nimerudi alfajiri nakuta studio giza, LUKU imeisha saa 2 usiku. Sawa, mashine moja kati ya tano, mtandao umetengenezwa kwa ajili hiyo. Lakini foleni ya kazi ilikuwa kwenye mashine yangu, na vipande vyote vilikuwa kwenye diski yangu. Kwa hiyo Katubuka, Gungu, sokoni na Ujiji, nne zote zina umeme, zimekaa usiku kucha zinagonga mlango wa moja iliyozimika.

Mwezi mzima nazungumza habari za kutokutegemea sehemu moja na nimejenga sehemu moja, tena yangu. Oktoba 20, 2025 kulipotokea hitilafu ya Amazon kule Virginia, kosa la DNS, ile orodha ya majina na anwani za intaneti, kwenye huduma moja likaangusha programu za watu dunia nzima, nilisema huu ndo ubaya wa kuweka kila kitu kwa mmoja. Ugonjwa ni uleule, ukubwa ndo tofauti. Kutawanya mashine hakutoshi kama uamuzi umebaki kwa mtu mmoja.

Bwana harusi nimempigia kumuomba siku moja zaidi. Amekubali.

27 Januari

Foleni sasa inakaa kwenye etcd, programu ya kutunza daftari moja kwenye mashine kadhaa, sehemu tatu: studio, Katubuka, Ujiji. Ndani yake kuna utaratibu unaitwa Raft, waliutoa Diego Ongaro na John Ousterhout 2014. Zile tatu zinachagua kiongozi, kiongozi anaandika, na hakuna kinachohesabika kimeandikwa mpaka wengi wakubali. Kiongozi akizimika waliobaki wanachagua mwingine.

Mwalimu aliuliza swali zuri sana. Nilifika kwake, shikamoo Mwalimu, marahaba, nikaanza kumweleza, akanikatisha: "Kwanini tatu? Si mbili zingetosha, moja ikifa ya pili iko?" Nikamwambia Mwalimu, ni akidi. Kikao cha watu watatu wakija wawili kikao kipo. Kikao cha watu wawili akija mmoja hakuna kikao, kwa hiyo wawili hawana nafuu yoyote juu ya mmoja. Na yule aliyebaki peke yake hajui kama mwenzie amekufa au ni njia tu imekatika na mwenzie huko nae anajiona kiongozi, mkiwa wawili mnagawa kazi bila kujuana mnaharibu daftari. Akacheka akasema "basi kompyuta zina adabu kuliko kamati yetu ya msikiti".

Shida iliyotokea: kiongozi alikuwa anabadilika kila baada ya dakika chache. Kawaida kiongozi wa etcd anapiga mapigo, ishara ya kusema niko hai, kila milisekunde 100 na ikikosa kusikia kwa milisekunde 1,000 inaitisha uchaguzi, hiyo ni ya seva zilizokaa kabati moja na diski za kasi. Diski zetu za kuzunguka zinachelewa kuandika na njia ya Ujiji inayumba. Nimepeleka mapigo 500 na uchaguzi 5,000, imetulia.

Na vipande havikai tena kwangu tu. Kila kipande kinawekwa nodi mbili, yaani mashine mbili za mtandao wetu, kabla kazi haijaanza.

31 Januari

Radi imepiga Gungu. Antena, swichi, na ubao wa mashine ya kaka, vyote vimekwenda kupitia ule waya wa mtandao. Watu wote ni wazima, hakuna aliyeumia, tunashukuru Mungu. Kosa ni la kwangu, sikuweka ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, nilisema nitaweka baada ya mvua wakati mvua ndo sababu ya kuuweka. Kazi ya usiku ule ilimalizika na nodi nne, kaka ndo aliniambia asubuhi, mi sikujua hata.

3 Februari

Ujiji. Njia ilianza na megabiti 30, ikashuka, leo ni 9. Nimepanda juu ya paa nikaona wazi, ni mwembe. Majani yameongezeka na mvua na jani likilowa linakula mawimbi. Mwembe wenyewe ni wa zamani, una wenyewe, siwezi kwenda na panga. Nimeongea na mzee mwenye kiwanja kuhusu tawi moja, kasema ataongea na ndugu zake.

Sasa kazi inaendaje? Fungu la Ujiji kwa harusi moja, kwa vile kila kipande kinakaa sehemu mbili, ni gigabaiti 27. Kwa megabiti 9 ni masaa 6 na dakika 40. Bodaboda kutoka Mwanga mpaka Ujiji ni dakika 20, kunakili kwenye diski ya mkononi dakika nne na nusu, kunakili kule tena hivyohivyo, jumla nusu saa. Kwa hiyo mzigo unaenda na boda, diski imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, na majibu ambayo yamebanwa ni kama gigabaiti 1.6 tu yanarudi hewani ndani ya dakika 24. Mizito chini, myepesi juu. Hii imenifundisha kitu kuhusu jambo zima: data ya video ni nzito na kazi yenyewe, maelekezo ya nini kifanyike, ni maneno machache. Ipeleke kazi kwenye data. Kuibeba harusi ya Ujiji mpaka Cape Town ilikuwa kinyume tangu mwanzo.

5 Februari

Sheria mpya, na imetoka kwa dada wa steshenari. Kapiga simu asubuhi: "Kaka, hizi kitchen party zinakatwa vipande zinapelekwa kwa nani?" Nilikuwa sijafikiria. Shughuli ya kina mama, wamevua mitandio, wanacheza kwa uhuru wao, mpiga picha mwenyewe ni mwanamke kwa sababu hiyohiyo, halafu mi nasambaza vipande mpaka chuo cha Katubuka kwa vijana.

Na ukweli wa kiufundi ni kwamba hili halina dawa rahisi. Faili la kuhifadhi unaweza kulifunga kwa ufunguo na mwenye mashine asione kitu. Lakini mashine inayosafisha picha lazima iione picha. Hizi mitandao mikubwa ya dunia kama Golem, ambayo 2018 walianza kwa kukodishana kompyuta za kutengeneza picha za Blender, programu ya katuni, unampa mtu usiyemjua kazi yako, kwa katuni sawa, kwa kitchen party ya watu hapana. Kwa hiyo kazi yenye alama ya kina mama inaenda mashine za dada peke yake. Itachukua usiku mbili badala ya usiku mmoja na ndivyo itakavyokuwa.

7 Februari

Kijana wa Katubuka anataka tutengeneze sarafu yetu, kila kipande unachofanya unapata. Tumebishana kwa heshima. Hoja yake ina msingi, Golem, na Filecoin ambao ni mtandao wa kukodishana nafasi ya diski, wanatumia sarafu kwa sababu wale hawajuani, unahitaji kitu cha kumlipa mgeni na kumbana asiibe. Sisi tunajuana, nikidhulumiwa najua nyumba. Tunaandika dakika kwenye daftari, nani kafanya vipande vingapi, mwisho wa mwezi mwenye harusi nyingi anamlipa mwenye kazi nyingi. Kitu kilichopimwa kwa uhakika ni umeme: mashine inavuta wati 85 ikiwa kazini, masaa 8 ni uniti 0.68, hiyo inarudishwa kwanza kabla ya chochote, hakuna mtu wa kuchangia LUKU yake kwa ajili ya harusi ya mwingine.

11 Februari

Kuhifadhi sasa, yaani lile la yule mama.

Tunatumia Tahoe-LAFS, programu ya kutawanya mafaili kwenye mashine nyingi. Faili linafungwa kwa ufunguo hapahapa kwangu kabla halijatoka, linakatwa na kuzidishwa kihesabu, hesabu ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, linakuwa mafungu matano, fungu moja kila sehemu, na mafungu mawili yoyote yanatosha kurudisha faili zima. Nakala tatu kamili zingekula nafasi mara 3 na ukipoteza sehemu tatu umekwisha. Hii inakula mara 2 na nusu na unaweza kupoteza sehemu tatu. Watu wengi wakisikia wanafikiri ni uchawi.

Niliwaeleza kwa sanduku la kikoba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hakuna mmoja anaeweza kulifungua nyumbani kwake peke yake. Dada akaelewa palepale ila akasema hili letu ni bora, sanduku la kikoba mtu mmoja akisafiri kwenda Kasulu na ufunguo wote mnakaa, hili wakisafiri watatu bado linafunguka. Ndiyo hasa.

Kwenye mpangilio nimeweka pia likatae kupokea faili kama halijapata angalau sehemu nne za kuliweka. Bora likatae usoni kuliko kukubali halafu mafungu yote yamerundikana kwangu.

14 Februari

Jaribio. Nimeweka harusi moja, nikapiga simu Katubuka na sokoni wazime, studio nikazima mwenyewe. Ikabaki Gungu yenye ubao mpya na ethi yake, na Ujiji kwenye megabiti zake 9. Nikafungua kwa laptopu ya kaka. Ilichukua dakika nyingi sana lakini ilishuka yote, nikalinganisha heshi ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, ni ileile herufi kwa herufi.

Kilichobaki kunitisha ni ule mstari wa herufi ambao ndo ufunguo wa faili. Mafungu yote matano yakiwepo na mstari umepotea, hakuna mtu duniani wa kuyafungua, hakuna ofisi ya kupiga simu. Uhuru wa kutotegemea kampuni unakuja na hilo na lazima mteja aambiwe kabla, sio baada. Tumeamua mstari unachapishwa kwenye karatasi mbili, moja ya mteja, moja ndani ya bahasha kwenye sanduku la kikoba cha dada, wamekubali.

17 Februari

Yule mama amerudi. Mkwe wake wa Kasulu alikuwa na DVD ya harusi, imekwaruzika vibaya, tumeisoma kwa drive tatu tofauti tukiunganisha sehemu zilizosomeka, zimepatikana dakika 41 kati ya masaa mawili na kitu. Hotuba ya mzee ipo, inakatika mahali pawili.

Tumeiweka mbele yake, sehemu zote tano zimepokea. Nikamchapishia karatasi, nikamweleza kwamba hii ndo ufunguo, sio risiti, asiitupe, na nyingine iko kwenye sanduku. Akauliza akifa yeye? Nikamwambia anaeishika ndo mwenyewe. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniuliza kama anaweza kuisikiliza tena kabla hajaondoka.

Kesho: mzee wa mwembe kasema nije saa 3 asubuhi, ndugu zake watakuwepo.